Birika la umeme lilimuunguza mama: namna ya kudai fidia ukiwa Kigoma

Mama aliungua mguu wa kulia mwezi Machi, jikoni kwangu Mwanga, hapa Kigoma. Birika la umeme nililokuwa nimelinunua wiki tatu nyuma lilichomoka mpini akiwa amelinyanyua, maji yakammwagikia kuanzia kwenye kifundo hadi vidoleni. Shauri limekwisha mwezi uliopita. Katika safari hiyo, miezi mitano niliipoteza kwa makosa mawili ambayo hakuna aliyenionya, ndiyo maana naandika. Yakikukuta uko Ujiji, Kasulu au Tabora, uanzie mbele ya pale nilipoanzia mimi.

Siku ya kuungua

Mgonjwa kwanza. Jeraha la maji ya moto liwekwe kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu. Siku ile sikuwepo nyumbani. Jirani yetu, kwa moyo wake mwema, alimpaka mama mawese, kama wengi wetu huku tulivyolelewa. Muuguzi alichukua muda mrefu kuyatoa mama akilia, na miezi kadhaa baadaye upande wa pili uliyashika mawese hayo hayo kudai kwamba sisi ndio tuliokizidisha kidonda.

Chukueni PF3 polisi. Wengi hudhani ni fomu ya waliopigwa au kugongwa na gari tu. Hailipiwi, na daktari anaandika humo ukubwa wa jeraha, kwa tarehe. Hali ikiwa mbaya nendeni hospitali moja kwa moja, fomu ifuate.

Halafu risiti. Nilinunua bandeji na dawa ya kupaka mara saba, nikadai risiti mara nne tu, kwa sababu duka la dawa lilikuwa la mtu tunayefahamiana na niliona aibu. Zile mara tatu sikurudishiwa hata shilingi. Mahakama ya Rufani ilishaliweka wazi mwaka 1992 katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe: hasara mahsusi, yaani pesa uliyoitoa mfukoni, lazima itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Hata nauli ya bajaji, mwandikishe dereva kwenye daftari, tarehe na saini.

Usiirudishe bidhaa dukani

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Usiku ule ule nililigeuza birika kwenye mwanga wa simu. Mpini ulikuwa umeshikiliwa na skrubu mbili fupi zilizozama kwenye plastiki tupu, hazikugusa chuma popote. Tundu la tatu lilikuwepo, skrubu yake haikuwepo wala halikuwa na alama kwamba iliwahi kuwepo. Nilipiga picha moja, nikamtumia kaka yangu Tabora kwa WhatsApp kumwonyesha kilichotokea. Picha hiyo moja ndiyo iliyotuokoa.

Kesho yake muuzaji aliniambia, "Dada, niletee nimpelekee msambazaji Dar, ndani ya wiki unapata jipya." Nikampa, pamoja na boksi. Sikuliona tena. Nilipouliza mara ya tatu, maneno yalikuwa yamebadilika: mama ni mtu mzima, mkono ulimtetemeka.

Ili nipate cha kuonyesha, ilibidi ninunue birika jingine la aina hiyo hiyo, dukani kwake, shilingi 38,000 kwa mara ya pili, kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sikulifungua. Nilikwenda nalo likiwa na gundi yake hadi ofisi ya mwenyekiti wa mtaa, tukalifungua mbele yake na mashahidi wawili. Skrubu mbili, tundu la tatu tupu. Mwenyekiti aliandika alichokiona, akagonga muhuri. Wewe usifike huko. Kitu kilichokuumiza kitie kwenye mfuko, andika tarehe, kifungie kabatini pamoja na boksi, risiti na kadi ya dhamana. Muuzaji akitaka kukiona, aje akione. Na usikubali kubadilishiwa kabla hujajua kama utadai.

Barua kwa muuzaji

Hii ni fupi. Eleza ulinunua nini, lini, kilifanya nini, unadai nini, na umpe muda wa kujibu; mimi niliweka siku 14. Peleka nakala mbili, yako isainiwe kwamba imepokelewa. Akikataa kusaini, mpelekee ukiwa na shahidi, kisha shahidi aandike hivyo.

TBS na Tume ya Ushindani

Shirika la Viwango, yaani TBS, linasimamia Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009, na ofisi yake ya Kanda ya Magharibi iko hapa hapa Kigoma. Nenda na maelezo ya maandishi, picha, na namba ya toleo iliyo chini ya bidhaa au kwenye boksi. Bila namba hiyo hawana pa kuanzia kufuatilia mzigo ulioingia sokoni. Tume ya Ushindani, ambayo wengi tunaiita FCC, ipo kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, na inapokea malalamiko ya mlaji kuhusu bidhaa mbovu, bandia au zenye maelezo ya uongo. Ikiwa dawa au kifaa tiba ndicho kilichokudhuru, hiyo ni kazi ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Chakula na vipodozi vilihamia TBS mwaka 2019, usipotee njia.

Peleka malalamiko hata kama pesa yako imekwisha kurudi. Boksi moja linakuwa na mabirika mengi, na kila moja lina jiko lake na mtu wake. Lakini usikae ukisubiri ofisi hizi zikulipie kidonda. Kazi yao kubwa ni kulisafisha soko. Fidia ya mwili unaifuata mahakamani, na muda unakwenda: madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, ya mkataba miaka 6.

Mahakama ipi, na nani adai

Kosa langu la pili. Nilikwenda Mahakama ya Mwanzo nikiwa na dai moja kwa jina langu: bei ya birika, matibabu, na maumivu ya mama. Kwa kuwa jumla ilikuwa ndogo, niliamini hapo ndipo pake. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza deni litokanalo na mkataba hadi shilingi milioni 30, kwa hiyo bei ya birika ingepita. Kidonda ni jambo jingine. Ni dai la uzembe, na hilo halisikilizwi pale hata likiwa la shilingi elfu kumi. Linakwenda Mahakama ya Wilaya. Tena kidonda si changu. Aliyeungua ni mama, mdai ni mama. Dai likaondolewa, tukaanza upya.

Msaidizi wa kisheria ndiye aliyenifungua macho. Hao wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kwa asiye na uwezo msaada wao ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Nilimwuliza: mama hakununua kitu, atamshtaki vipi mtu ambaye hana mkataba naye? Akanieleza habari ya May Donoghue, mwanamke wa Uskoti, ambaye mwaka 1928 rafiki yake alimnunulia kinywaji mjini Paisley na ndani ya chupa, kwa maelezo yake, kukawa na konokono aliyeoza. Mwaka 1932 ikaamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule anayetumia, hata kama hakununua yeye. Mahakama zetu zinaifuata kanuni hiyo. Kwa hiyo mshtaki muuzaji, na mwingizaji au mtengenezaji kama jina lake liko kwenye boksi.

Usajili unafanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, unapewa kontrol namba, unalipa. Ambatisha kila kitu tangu mwanzo: PF3, risiti, picha, barua, maelezo ya mwenyekiti. Mdaiwa akishapokea wito ana siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi.

"Mlitumiaje?"

Swali hili litakuja, na jiandae nalo kuliko jingine lolote. Mama alikuwa amejaza maji kupita mstari wa mwisho. Nilishawishika kumwambia asiliseme. Namshukuru Mungu alikataa. "Nitasema nilijaza sana, na nitasema mpini ulichomoka. Yote mawili ni kweli."

Kukiri sehemu yako hakuui dai. Mahakama inaweza kugawanya lawama na kupunguza fidia kwa kiasi cha uzembe wako. Marekani, mwaka 1992, Stella Liebeck, mama wa miaka 79, alijimwagia kahawa ya McDonald's mapajani akaungua hadi kupandikizwa ngozi. Watu wengi humtaja kama mfano wa mtu aliyekataa kubeba kosa lake. Lakini jopo la raia wanaoteuliwa kuamua kesi kule (jury) lilimpa yeye asilimia 20 ya lawama na kampuni asilimia 80, kwa kuwa kahawa ilikuwa ya moto kupita kiasi na kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700. Fidia yake ya madhara ikashuka kutoka dola 200,000 hadi 160,000. Hilo ndilo ninaloliona haki: mama abebe mstari alioupita, na aliyeuza mpini wa skrubu mbili abebe skrubu ya tatu.

Suluhu

Kabla ya ushahidi kusikilizwa, mahakama inawapeleka kwenye usuluhishi. Kwa kuwa mama alishasema yote mwenyewe, upande wa pili haukuwa na kitu cha kumfichua, na lile la mawese halikufika mbali mbele ya maelezo ya daktari. Tulikubaliana: gharama zote zenye risiti, bei ya birika, na fidia ya maumivu iliyopunguzwa kidogo kwa ajili ya maji yaliyozidi, kwa awamu mbili. Hakikisheni makubaliano yameandikwa na kusajiliwa mahakamani. Yakibaki karatasi ya kati yenu, mtu akigoma mnaanza kesi nyingine. Yakisajiliwa yana nguvu ya hukumu.

Awamu ya pili ilichelewa siku tisa. Niliandaa maombi ya kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, nikampelekea muuzaji nakala dukani. Pesa iliingia kesho yake jioni.