Mboji na samadi kwenye chai: usiharibu uchachu wa udongo

Chai hupenda udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huzidi) kati ya 4.5 na 5.6. Ndiyo maana mboji inayostawisha mahindi yaweza kudhoofisha chai. Kosa linaloonekana sana ni jivu la jikoni: likitiwa kwenye lundo la mboji, hupandisha pH, mizizi ikashindwa kuchukua madini ya chuma na manganizi, na majani machanga yakageuka manjano. Chokaa nayo usiimwage kabla ya kupima udongo. Samadi ya kuku ina kalsiamu nyingi, kwa hiyo itumie kidogo tu.

Tengeneza lundo chini ya kivuli, upana na kimo mita 1.5. Tandika sentimita 20 za mabua au nyasi zilizokatwakatwa, kisha sentimita 10 za majani mabichi, halafu sentimita 5 za samadi ya ng'ombe, ukinyunyizia maji kila tabaka. Kwa majani mabichi, tithonia (kichaka chenye maua ya manjano kama alizeti) ni bora kuliko mengi: ina nitrojeni na potasiamu kwa wingi. Chomeka kijiti katikati ya lundo. Baada ya wiki moja ukikichomoa kiwe cha moto na unyevunyevu. Kikiwa kikavu ongeza maji, kikinuka uozo lundo limekosa hewa, ligeuze. Geuza kila wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo. Ikibaki na mabua yanayoonekana, isubiri: vijidudu vinavyoendelea kuyaozesha vitanyang'anya chai nitrojeni.

Wakati mzuri wa kuiweka ni baada ya kupogoa, mvua zinapoanza, maana mistari iko wazi. Ndoo ya lita 20 itoshe miche kumi, takriban kilo moja kwa kila mche. Itandaze chini ya matawi, sentimita 15 kutoka shinani. Kwenye mteremko, iweke upande wa juu. Usichimbie kwa jembe, kwa kuwa mizizi inayolisha mche iko karibu na uso wa udongo. Funika kwa matawi yaliyopogolewa.

Na matawi hayo yasiondoke shambani! Kuyabeba kwenda kuwa kuni au chakula cha mifugo ni kuhamisha rutuba iliyokusanywa kwa miaka mitatu au minne, potasiamu hasa.

Hesabu nayo isikudanganye. Kilo 4,500 za majani mabichi, yaani kama tani moja ya chai kavu, huondoka na takriban kilo 40 za nitrojeni. Samadi kavu yenye nitrojeni asilimia 1.5 ingehitajika karibu tani 2.7, na sehemu tu ya nitrojeni hiyo hupatikana mwaka wa kwanza. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kulisha ekari nzima kwa mkupuo mmoja. Hudumia kipande kilichopogolewa mwaka huo, na kwingine endelea na NPK ya chai (mbolea ya dukani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu), ukiipunguza polepole kadiri vipimo vya udongo vinavyoruhusu.