Namna ya kusajili machimbo OSHA na kuomba leseni ya kukidhi matakwa ya usalama: mwongozo kwa wenye machimbo wa Dar es Salaam

Mtu yeyote anayeendesha machimbo ya mawe, kokoto au mchanga katika Mkoa wa Dar es Salaam, awe Kunduchi, Boko au kwingineko, anatakiwa kuisajili sehemu hiyo ya kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Usajili hufuatwa na ukaguzi, na ukaguzi ukiridhisha ndipo hutolewa leseni ya kukidhi matakwa ya usalama na afya. Mwongozo huu unaeleza hatua hizo kwa mpangilio, na unatumia muda mrefu zaidi kwenye tathmini ya hatari, kwa sababu hapo ndipo waombaji wengi hupita haraka na hapo ndipo uhai wa mchimbaji unapoamuliwa.

Ushauri wa kwanza ni huu: usiyaanze maombi haya kwenye stesheneri. Watu wa stesheneri hujaza fomu vizuri na kwa haraka, lakini hawajawahi kusimama chini ya ukuta wa machimbo yako, na mengi yanayoulizwa katika mchakato huu hayana jibu sahihi isipokuwa lile linaloandikwa na mtu aliyekwenda kuangalia.

Leseni ya madini si ruhusa ya usalama

Kabla ya kwenda OSHA unapaswa kuwa na leseni ya uchimbaji kutoka Tume ya Madini. Kwa mchimbaji mdogo hiyo ni leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Maombi yake hufanywa kwa njia ya mtandao, na msaada hupatikana katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa. Andaa pia namba ya mlipa kodi kutoka TRA, cheti cha BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kama unafanya kazi kwa jina la biashara au kampuni, na mpango wa utunzaji wa mazingira unaodaiwa na kanuni za madini.

Wenye machimbo wengi huishia hapo, wakiamini kwamba leseni ya madini inatosha kuanza kazi. Haitoshi. Leseni hiyo inakupa haki juu ya madini yaliyomo ardhini. Haisemi lolote kuhusu ukuta wa mwamba kama umesimama imara au umelegea. Wakaguzi wa migodi wa Tume ya Madini wana kanuni zao za usalama za mwaka 2010, nao wanaweza kufika wakati wowote, lakini ukaguzi wao hauondoi wajibu wa kujisajili OSHA, na kujisajili OSHA hakuondoi wajibu wa kuwapokea wao.

Januari 2024, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, zaidi ya watu 20 walifukiwa na kufa katika eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu baada ya mvua kubwa. Mamlaka za wilaya zilieleza kwamba wachimbaji hao walikuwa wameingia kabla eneo halijakaguliwa na kuthibitishwa kuwa salama, ingawa afisa madini wa mkoa alikwishawazuia. Utaratibu unaoelezwa hapa umewekwa ili ukaguzi utangulie sululu.

Jambo jingine linalowahusu wakazi wengi wa jiji hili: usajili hufanywa kwa kila sehemu ya kazi peke yake. Kama ofisi yako iko Kariakoo na maduara yako, yaani mashimo ya kuchimbia madini, yako Handeni au Chunya, usajili wa ofisi hauyahusu maduara. Hayo yanasajiliwa yenyewe, kupitia ofisi ya kanda yanakoangukia.

Tathmini ya hatari: ifanyie machimboni

Sheria inamtaka mwajiri afanye tathmini ya hatari zilizopo mahali pake pa kazi, na mkaguzi ataiomba. Iandike kabla ya kujaza fomu yoyote. Nenda machimboni ukiwa na msimamizi wako pamoja na mchimbaji mmoja wa siku nyingi, ambaye anaujua mwamba ule kuliko ninyi wawili, mtembee kuanzia juu ya ukuta hadi chini, mkiandika mnachokiona.

Anzeni juu. Tafuteni nyufa katika ardhi nyuma ya ukingo, kwa sababu ufa unaokwenda sambamba na ukingo ni dalili kwamba kipande kizima kinajiandaa kushuka. Andikeni maji ya mvua yanaelekea wapi, kwani machimbo yanayopokea maji ya mtaa mzima wakati wa masika hayawezi kuwa na ukuta ule ule mwezi Februari na mwezi Mei. Kisha shukeni mkatazame uso wa mwamba kutoka umbali salama: mawe yaliyolegea, tabaka la udongo laini chini ya jiwe gumu, na sehemu ambako wachimbaji wamefukua kwa chini na kuacha mwamba ukining'inia. Kufukua kwa chini kunapendwa kwa sababu jiwe hushuka lenyewe na nguvu inayotumika ni ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo kunaua, maana anayefukua ndiye aliyesimama mahali jiwe litakapoangukia.

Mbele ya kila hatari andika utafanya nini, na uandike kwa mpangilio wa uzito. Kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe: kuchimba kwa ngazi kutoka juu kwenda chini, kila ngazi isizidi kimo ambacho mashine au mikono ya watu wako inaweza kufikia, na kuangusha mawe yaliyolegea kwa mtaimbo mrefu kutoka juu au kwa kijiko cha mashine kabla ya mtu yeyote kupita chini. Pili ni kuwaweka watu mbali na hatari isiyoweza kuondolewa. Wagonga kokoto, wengi wao akina mama, hukaa chini ya ukuta kwa sababu huko kuna kivuli. Wajengee banda mahali pengine, na utakuwa umeondoa sababu ya wao kukaa pale. Vifaa vya kujikinga huja mwisho. Kofia ngumu ni ya lazima, lakini tathmini inayoanza na kuishia kwenye kofia, buti na fulana ya kuakisi mwanga haina maana, kwa kuwa hakuna kofia inayozuia jiwe la tani moja.

Usisahau magari. Tipa linalorudi nyuma kwenye ukingo linahitaji tuta la udongo la kuzuia magurudumu, na linahitaji mtu wa kumwelekeza dereva, ambaye mwenyewe asimame anapoonekana. Kama una kresha, yaani mashine ya kusaga mawe, andika jinsi mikanda na puli zilivyofunikwa, na andika utaratibu wa kuzibua jiwe lililokwama: umeme uzimwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Katika utaratibu wote huu sidhani kuna sentensi nyingine inayogharimu kidogo na kuokoa kiasi hicho.

Mashimo yaliyoachwa nayo yamo ndani ya tathmini. Yakijaa maji huwa madimbwi, na watoto wa jirani huenda kuogelea. Andika yatazungushiwa nini, yatafukiwa lini, na nani atakagua uzio. Kwa wenye maduara ya chini ya ardhi, ongezeni hewa: jenereta au pampu ya petroli isishushwe kamwe ndani ya duara, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huwa wa pili kufa.

Kujaza na kuwasilisha fomu ya usajili

Tathmini ikiwa mkononi, usajili wenyewe ni kazi fupi. Maombi hufanywa kupitia mfumo wa kielektroniki wa OSHA, unaopatikana kwenye tovuti ya wakala huo, na asiyeweza kutumia mfumo huo anaweza kufika katika ofisi yao hapa Dar es Salaam akasaidiwa. Utaandika jina la mmiliki na la sehemu ya kazi, mahali ilipo hadi ngazi ya kata na mtaa, aina ya shughuli, idadi ya wafanyakazi wanaume na wanawake, na mitambo inayotumika.

Kwenye idadi ya wafanyakazi, andika ukweli wote. Iko tabia ya kuorodhesha wenye mikataba tu na kuwaacha vibarua wanaolipwa kwa siku au kwa debe, wakati katika machimbo mengi vibarua ndio walio karibu zaidi na ukuta. Idadi ndogo ya uongo inakupunguzia wajibu kwenye karatasi, kisha ajali ikitokea inakuweka katika hali ya kueleza marehemu alikuwa nani na alifuata nini eneo lako.

Ukaguzi

Baada ya usajili, wakaguzi hupangiwa kufika. Ukaguzi wa jumla hutazama mazingira yote ya kazi. Zaidi ya huo upo wa mifumo ya umeme, wa mitungi ya mgandamizo kama ile ya kompresa ya kudirili, na wa vifaa vya kunyanyulia kama winchi na kreni. Vumbi na kelele hupimwa pia. Malipo ya huduma zinazolipiwa hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa na kitambulisho.

Siku ya ukaguzi kazi iendelee kama kawaida. Kusafisha machimbo kwa ajili ya mgeni na kuwapa wachimbaji kofia zilizoazimwa kutampendeza mkaguzi kwa saa mbili na kukunyima jambo pekee unalolilipia, ambalo ni jicho la mtu aliyeona machimbo mengi. Akikuta kasoro atakupa hati ya kuboresha yenye muda wa kurekebisha. Akikuta hatari ya papo kwa papo, mfano watu wakiwa chini ya mwamba unaoning'inia, anayo mamlaka ya kusimamisha kazi katika sehemu hiyo kwa hati ya kuzuia. Rekebisha, piga picha, toa taarifa kwa maandishi, uombe kukaguliwa upya.

Wakati ukisubiri, kamilisha mambo ya watu. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne huteua kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya miongoni mwao, na ni busara kumteua anayesikilizwa na wenzake, asiwe lazima ndugu wa mwenye machimbo. Wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi, kila baada ya kipindi, na wanapoondoka, hasa mapafu na masikio, kwa gharama ya mwajiri. Jisajili pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake ni asilimia 0.5 ya mishahara na hutolewa na mwajiri. Ni makosa kuukata kwa mfanyakazi.

Kama utatumia baruti

Hapa unarudi Tume ya Madini, kwa kuwa vibali vya kununua, kusafirisha, kuhifadhi na kulipua baruti hutoka huko, na anayelipua sharti awe na cheti chake mwenyewe cha ulipuaji. Mpango wako uoneshe umbali ambao watu wote wataondolewa, king'ora kitakavyolia kabla na baada, nani atafunga barabara, na nani peke yake ataingia kukagua mashimo ambayo hayakulipuka kabla wengine hawajarudi. Kwa machimbo yaliyobanwa na nyumba, kama yalivyo mengi ya jiji hili, serikali ya mtaa na majirani wapewe taarifa mapema. Jiwe linaloruka halijui mpaka wa leseni.

Baada ya kupata leseni

Leseni ya kukidhi matakwa hudumu mwaka mmoja, tofauti na ile ya madini, na tofauti hiyo ina sababu: ukuta uliokaguliwa mwaka jana umekwishasafirishwa kwa malori, na uliopo leo ni mwingine. Omba ukaguzi mpya kabla muda haujaisha, ukiwa na tathmini iliyoandikwa upya, wala usibadilishe tarehe tu juu ya ile ya zamani. Mmiliki akibadilika, mtambo mpya ukifungwa au idadi ya watu ikiongezeka sana, toa taarifa bila kusubiri mwaka uishe.

Ikitokea ajali ya kifo au ya kuumia vibaya, okoa kwanza kwa namna isiyoongeza waathirika, kisha toa taarifa mara moja kwa polisi, OSHA na ofisi ya Afisa Madini Mkazi, na uanze taarifa ya WCF kwa ajili ya familia. Eneo la tukio lisiguswe zaidi ya yale yanayohitajika kwa uokoaji, mpaka mkaguzi afike. Weka daftari moja machimboni la kuandika ajali zote, pamoja na yale mawe yaliyoanguka bila kumpata mtu; andika tarehe, mahali hasa kwenye ukuta, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Daftari hilo mkabidhi mkaguzi anapokuja kwa ukaguzi wa mwaka, kabla hajaliomba.