Amua Kwanza Umesimama Wapi: Kuchagua Jicho la Hadithi

Anayetaka kuandika hadithi huanza kwa kujiuliza ni jambo gani litatokea, na mara nyingi huliruka swali linalotangulia hilo, yaani ni nani anayeliona jambo lenyewe. Tukio moja likitazamwa na watu wawili huwa hadithi mbili, na mwandishi asiyeamua mapema amesimama wapi humchosha msomaji hata kama kisa chake ni kizuri.

Tuchukue tukio dogo la hapa Lamu. Mashua iliyotoka asubuhi kwenda kuvua imechelewa kurudi, magharibi imeingia, na gatini amesimama mama ambaye mwanawe ni mmoja wa mabaharia. Nahodha anajua jambo ambalo mama halijui: kijana ameumia mkono, naye amelala ndani ya mashua. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, amua utaazima macho ya nani.

Ukichagua nafsi ya kwanza na kumpa mama usimulizi, unaweza kuandika: “Niliona tanga kabla sijaiona mashua. Nikahesabu vichwa, vikawa vinne. Asubuhi walitoka watano.” Hofu imezaliwa hapo kwa sababu mama hana uwezo wa kuona zaidi ya kinachoonekana kutoka gatini. Mpe nahodha usimulizi huohuo: “Nilijua atahesabu vichwa. Nikamwambia kijana ajikaze aketi, hakuweza.” Msomaji sasa hajiulizi kama kijana yu hai, anajiuliza habari itatolewaje. Nafsi ya kwanza huja pia na lugha ya mwenyewe. Mama wa Amu, kama wenyeji wanavyoiita Lamu, akisimulia kwa kinywa chake, huna budi kuamua kama atasema “maji” au “mai”, “njia” au “ndia”, kisha ushikilie uamuzi huo hadi mwisho.

Nafsi ya tatu ina namna mbili kubwa. Msimulizi maizi, yule wa ngano tulizosimuliwa na bibi zetu, anajua anachowaza sungura na anachowaza fisi kwa wakati mmoja. Anafaa kisa chenye watu wengi na miaka mingi, lakini katika tukio letu ana gharama: akishatuambia kwamba kijana ameumia mkono tu, hofu ya mama tunaitazama kwa mbali, hatuihisi tena. Namna ya pili ni kumfuata mhusika mmoja tu na kujua anayoyajua yeye peke yake, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayomfaa zaidi mwandishi anayeanza, kwa kuwa humfundisha kujizuia.

Nafsi ya pili, yaani kumsemesha msomaji kwa “wewe”, ni adimu katika hadithi, ila watu wa visiwa hivi wasiione ngeni. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake kama wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye, na hadi leo anayeusoma hujikuta ameketi mahali pa binti huyo.

Katika Kiswahili nafsi hukaa ndani ya kiambishi kimoja cha kitenzi, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba kugeuza “ni-” kuwa “a-” kunatosha kubadili mtazamo. Hakutoshi, kwa sababu maneno mengine hufichua mahali aliposimama msimulizi. “Mashua ilikuja” imesemwa na aliye gatini. Aliye chomboni husema “tulifika” au “gati lilikaribia”. Vivyo hivyo “hapa” na “pale”, “huyu” na “yule”. Tazama kosa hili: “Mama aliitazama mashua ikija. Kijana aliuma meno kwa maumivu.” Sentensi ya kwanza iko gatini, ya pili imerukia chomboni, na hakuna aliyetuvusha. Ukitaka kubaki na mama, andika anachoweza kukiona: “Mama aliitazama mashua ikija. Mahali alipozoea kuketi mwanawe palikuwa wazi.” Moyo wa nahodha nao uufikie kwa nje, kwa jinsi anavyokwepa kumtazama mama na anavyokawia kufunga kamba. Usiandike kwamba aliona aibu.

Jihadhari pia na kiambishi “a-”, ambacho hakitofautishi mwanamume na mwanamke. “Alimtazama akanyamaza” inaweza kuwa ya mama au ya nahodha. Kila zamu inapobadilika, mtaje mtu kwa jina au kwa cheo chake.

Ukimaliza, soma rasimu kwa sauti ukiwa na penseli, na upige mstari chini ya kila neno la kuona, kusikia, kujua na kuhisi. Kwa kila mstari jiulize kama mwenye jicho ulilochagua angeweza kulipata jambo hilo kutoka pale alipo. Ukilazimika kubadili jicho, subiri sura mpya. Kisha liandike upya tukio lilelile kwa jicho la kijana aliyelala chali, asiyeona gati wala mama, anayeona tanga tu juu yake na kusikia sauti anayoifahamu ikiuliza, “Mwanangu yu wapi?”