SOMO: Kugeuza darasa la hesabu, maelezo nyumbani na maswali darasani

Naulizwa hili inboksi kila wiki, naliweka hapa mara moja. Mwanafunzi anapata maelezo nyumbani, kipindi chote kinakuwa cha kukokotoa. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia Colorado, Marekani, walianza kuwarekodia wanafunzi waliokosa vipindi mwaka 2007. Mimi natumia kwa hesabu za sekondari.

1. Chagua kitu kimoja. Mfano: vigawo vya x² + 5x + 6.

2. Rekodi kwa simu, dakika tano au sita. Mkono na karatasi vinatosha.

3. Punguza ukubwa wa video, tuma kwenye grupu la wazazi mapema jioni.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. USIRUDIE somo ubaoni kwa ajili ya wasioangalia. Ukirudia leo, kesho hata walioangalia hawataangalia. Mlangoni gawa vipande vya karatasi, swali moja: namba zipi mbili zikizidishwa ni 6, zikijumlishwa ni 5? Aliyeandika 2 na 3 aanze mazoezi. Aliyeandika 1 na 6 kashika kuzidisha, kujumlisha kakuacha. Kaa naye kidogo. Aliyeacha wazi apewe maelezo ya karatasi, asome pembeni. Na usimchape! Nyumba nyingi simu ni moja, na baba hutoka nayo.

5. Zunguka darasani mpaka kengele.

MASWALI

– Mkuu, nirushie hizo video.
– Hatua ya 2. Wanafunzi wako wamezoea sauti yako, si yangu.

– Huu si uvivu wa mwalimu?
– Hapana. Kurekodi kunakula jioni yangu, na darasani sikai chini.

– Mwalimu, sisi ni bweni, simu marufuku. Tufanyeje?
– Swali zuri. Andika ukurasa mmoja: mfano uliokokotolewa wote, wa pili uache mapengo wajaze. Wausome prepo. Ile karatasi ya mlangoni inabaki vilevile.

– Wangu wanakwama x² − 5x + 6. Alama zinawachanganya.
– Waorodheshe jozi zote za 6, na hasi zake: 1 na 6, 2 na 3, −1 na −6, −2 na −3. Wajumlishe kila jozi. Inayotoa −5 wataiona wenyewe. Hiyo orodha ifanyeni darasani, usiiweke kwenye video.

– Video zangu zina kivuli cha mkono.
– Unaandika kwa kulia? Taa iweke kushoto.