Kutia dawa kwenye biodizeli ya B20: kipimo na mpangilio

B20 ni lita 20 za biodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au ya wanyama) na lita 80 za dizeli ya kawaida. Anza na biodizeli yenyewe, tena ikiwa bado mpya, kwa sababu dawa ya kuzuia kuoza huchelewesha uharibifu tu. Mafuta yaliyokwisha kuchacha hayarudi. Kwa lita 20, pima gramu 18 za BHT, ndiyo dawa hiyo ya kuzuia kuoza (takriban sehemu 1,000 kwa milioni). Ni chembe nyeupe: ziyeyushe kwanza katika lita moja ya biodizeli ya uvuguvugu, ukoroge mpaka isionekane hata moja, ndipo umimine kwenye zilizobaki. Chembe isiyoyeyuka itaishia kwenye filta. Usihifadhi kwenye chombo cha shaba. Shaba huharakisha utomvu unaonata kwenye nozeli.

Ukishachanganya na dizeli, tia mililita 50 hadi 100 za 2-EHN (dawa ya maji ya kusaidia dizeli kuwaka) kwa lita 100. Hii hufanya mafuta yawake upesi zaidi, injini ipunguze kugonga asubuhi, na kwenye injini nyingi za zamani hupunguza oksidi za nitrojeni (gesi chafu za moshi) ambazo biodizeli huweza kuongeza. Kuzidisha hakuongezi nguvu. Vaa glavu, kwani 2-EHN hupenya ngozi na kuleta maumivu makali ya kichwa, na kamwe usiipashe moto: inaweza kulipuka.

Moshi mweusi ukiendelea, kagua filta ya hewa na nozeli kabla ya kuongeza dawa. Gari likikosa nguvu baada ya tangi la kwanza au la pili, badilisha filta ya mafuta: biodizeli huosha uchafu wa zamani tangini.