Somo: Kuacha nyama bila kuishiwa damu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu kuacha nyama, kila mtu na sababu yake: Msabato anayefuata mafundisho ya afya ya kanisa lake, mwenye gauti aliyekatazwa nyama nyekundu, kijana ambaye roho tu imekataa. Sababu ni yako. Mimi nataka tuongee kuhusu sahani, kwa sababu kwenye sahani ndipo niliponusurika kuumia.

Niliacha nyama, kuku na samaki mwaka 2017, nikiwa Morogoro. Morogoro hakuna uhaba wa mboga. Alfajiri malori yanashuka kutoka Mgeta yamejaa karoti, kabichi na spinachi. Hata hivyo miezi minane nilikula ugali na kabichi, wali na mchicha, chipsi nikichoka, na chai ya rangi kila baada ya mlo. Ilifika mahali napanda ngazi za kazini nashika ukuta, kucha zimekuwa nyeupe. Kwenda kupima, damu ikasoma 9.2, wakati mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Mama akaniambia, "Mwanangu, rudi kwenye nyama." Sikurudi, ila nilibadilisha karibu kila kitu kingine.

Kosa langu kubwa lilikuwa hili: nilitoa nyama, mahali pake nikaweka majani. Majani hayakai mahali pa nyama. Zinazokaa hapo ni jamii ya kunde: maharage, choroko, mbaazi, dengu, kunde zenyewe, njugu mawe, soya. Mchicha una sehemu yake na unabaki palepale ulipokuwa.

Hatua ya 1: Amua unaacha nini, na ulitaje kwa jina

Kwetu neno "mboga" linakusaliti. Mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, na nyama ni mboga, dagaa ni mboga. Ukimwambia shangazi "siku hizi nakula mboga tu" atakupikia samaki wa nazi kwa moyo mweupe kabisa. Sema wazi: sili nyama, sili kuku, sili samaki wala dagaa. Kisha amua kuhusu mayai na maziwa. Kwa anayeanza, nakushauri uvibakize vyote viwili. Safari inakuwa nyepesi sana.

Hatua ya 2: Punguza kwa wiki, usikate kwa siku moja

Anza na siku tatu bila nyama kwa wiki, baadaye tano, halafu zote. Si suala la ujasiri, ni suala la tumbo. Mtu aliyekuwa anakula maharage mara moja kwa wiki akianza kuyala kila siku atajaa gesi, atasema "haya mambo hayanifai" na kurudi alikotoka.

Hatua ya 3: Kunde kila siku, zilizopikwa vizuri

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo kazi ilipo.

Mtu mzima asiye na ugonjwa anahitaji karibu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 65 ni gramu 52 hivi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa karibu gramu 15. Vikombe viwili kwa siku, mchana na jioni, ni 30. Mayai mawili ni 12. Konzi ya karanga inakupa kama 7. Ongeza kilichomo kwenye ugali au wali, umeshavuka. Hakuna unga wa kununua dukani kwenye hesabu hiyo.

Kunde na nafaka zinasaidiana: kilichopungua kwenye mahindi kipo kwenye maharage, na kilichopungua kwenye maharage kipo kwenye mahindi. Makande ya bibi yalikuwa mlo kamili kabla hatujajua neno protini. Si lazima zikutane sufuria moja. Zikiliwa siku moja inatosha.

Namna ninavyopika maharage: usiku nayachambua, nayaosha, nayaloweka kwenye maji mengi kwa masaa 8 hadi 12. Asubuhi yamevimba karibu mara mbili, maji yamekuwa ya kahawia yenye povu jembamba pembeni. Maji yale namwaga. Sehemu ya yale yanayojaza gesi tumboni imeshatokea humo, na pamoja nayo sehemu ya vile vinavyozuia madini kufyonzwa. Naweka maji mapya, nachemsha kwa moto mkali dakika 10 nzima yakirukaruka, ndipo napunguza moto hadi yapondeke kwa vidole viwili. Moto mkali ule usiuruke, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayoisha kwa kuchemka sawasawa, na moto mdogo peke yake hauimalizi. Chumvi, nyanya, kitunguu na tui baadaye.

Magadi acheni. Najua yanalainisha haraka na mkaa una bei, lakini yanaua vitamini. Ukiloweka, mkaa unaokoa vilevile.

Soya isiliwe mbichi wala nusu mbichi, na kisamvu kitwangwe vizuri kisha kichemke muda mrefu bila kufunikwa, kwani majani ya muhogo nayo yana sumu yake.

Hatua ya 4: Linda damu, ondoa chai mezani

Madini ya chuma ya kwenye mimea yanafyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Yana rafiki mmoja na adui mmoja. Rafiki ni vitamini C: kamulia ndimu kwenye mchicha ukishaepua, kula pera, chungwa, papai au embe na mlo huohuo. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mtaani watoto wanaliokota bure. Adui ni chai na kahawa. Kikombe kile cha rangi nilichokuwa nashushia maharage kilikuwa kinafunga mlango wa chuma mbele ya macho yangu. Sijaacha chai, nimeisogeza: saa nzima kabla ya mlo, au saa nzima baada yake.

Majani mengine, ukiacha kisamvu, yasichemshwe na kumwagwa maji. Kaanga kidogo kwa mafuta, funika dakika chache, epua yakiwa bado ya kijani.

Hatua ya 5: Vitamini B12, hapa hakuna njia ya mkato

Hakuna mmea unaokupa B12 ya kutegemewa. Mlonge hauna, uyoga hautoshi, mwani hautoshi, togwa haina. Ipo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Ini linaweka akiba ya miaka, ndiyo maana mtu anaweza kujisikia mzima mwaka wa kwanza, hata wa pili, halafu ganzi ya miguu ikaanza, kusahausahau, ulimi kuwaka. Mishipa ya fahamu ikiharibika muda mrefu, mingine hairudi.

Kwa hiyo: kama unakunywa maziwa au mtindi kila siku na kula mayai, uko pazuri, lakini pima. Kama umeacha vyote, tumia vidonge vya B12 maisha yako yote, au vyakula vilivyoongezwa B12. Soma pakiti ya unga. Kuongezwa virutubishi si lazima kuwe na maana kwamba B12 imo.

Hatua ya 6: Vilivyobaki

Chumvi iwe yenye madini joto, hasa kwa kuwa samaki ameondoka. Mbegu za maboga na ufuta usivikose kwa ajili ya zinki. Mimi nazikaanga kavu na kunyunyizia kwenye uji. Karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa viliwe na mafuta kidogo ili vitamini A ifyonzwe. Kalsiamu utaipata kwenye mtindi, ufuta na majani ya matembele. Chipsi na maandazi havina nyama, ni kweli, lakini ukivigeuza kuwa chakula chako cha kila siku hujafika popote.

Hatua ya 7: Pima

Pima damu kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Yangu ilitoka 9.2 ikafika 12.6 baada ya miezi mitano. Mwanzoni nilimeza vidonge vya chuma alivyoniandikia daktari, sisemi ni maharage peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Asante kwa somo, dada. Mchuzi wa nyama nikiacha zile nyama zenyewe, si sawa tu?*

Kama unaacha kwa imani, hilo jibu liko kwa dhamiri yako. Kwa lishe, mchuzi huo una mafuta na ladha, protini ni kidogo mno. Usiuhesabu kama chakula cha kujenga mwili.

*Mkuu, mimi nabeba zege. Bila nyama nitaweza kweli?*

Utaweza, ila wingi uongeze. Kazi yako inataka nguvu nyingi, na chakula cha mimea kinajaza tumbo mapema. Kula mara nne. Asubuhi uji wenye karanga zilizosagwa, saa nne mayai na viazi, mchana wali maharage kwa mama ntilie, na umwombe maharage mara mbili badala ya kuongeza wali. Usiku ugali na mbaazi za nazi, parachichi pembeni.

*Nina kisukari, natumia metformin miaka sita sasa. Niache nyama?*

Mzazi wangu, shikamoo. Wewe usianze bila kumwona daktari wako. Metformin ikitumika muda mrefu inaweza kushusha B12 hata kwa mla nyama, kwa hiyo kwako kipimo hicho ni cha lazima. Maharage na choroko zinapandisha sukari taratibu kuliko wali mtupu, ila ugali au wali upimwe, robo ya sahani.

*Gauti imenisumbua, wengine wananiambia hata maharage nisiguse. Ukweli ni upi?*

Nyama nyekundu, maini, figo, dagaa na bia ndizo zenye kesi kubwa. Purini, yaani vitu vya kwenye chakula vinavyogeuka asidi ya yuriki inayoleta gauti, zikiwa za kwenye kunde hazijaonekana kuleta gauti kama za nyama. Endelea na dawa zako, kunywa maji, na maharage ya wastani yasikutishe.

*Mwanangu ana miezi 10. Nataka naye asile nyama tangu sasa.*

Hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Mtoto wa umri huo tumbo lake ni dogo na anakua kwa kasi. Chuma na B12 vikikosekana anaumia yeye, na hajui kusema. Anyonye hadi miaka miwili, ale yai na maziwa kila siku, na mpango mzima umpitishe kliniki kwa ofisa lishe. Kama huna njia ya yai wala maziwa, mpe samaki. Kuhusu ule uji wa lishe wa nafaka kumi, aina moja au mbili za nafaka na karanga au soya iliyokaangwa vizuri inatosha.

*Na mimi nanyonyesha, je?*

Kama huli mayai wala maziwa, kidonge cha B12 ni lazima, maana mtoto anaipata kupitia kwako. Vidonge vya kliniki vya chuma usiache.

*Dada, mimi shida yangu si chakula. Nikienda ukweni wananichinjia kuku. Nitamkataaje mama mkwe?*

Usikatae ukiwa mezani, kuku ameshachinjwa. Piga simu siku tatu kabla. Mimi nilimpigia mama mkwe nikamwambia, "Shikamoo mama, nakuja Jumamosi. Safari hii nina hamu na kisamvu chako cha karanga, naomba unifundishe kukipika, nyama nimeacha." Aliuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Jumamosi nikakuta kinu kiko uani na kisamvu kimeshachumwa, ananisubiri nitwange.