Somo: Jinsi ya kutengeneza kitabu cha vibonzo cha watoto kutoka kwenye hadithi za bibi

Wakuu habari za humu. Hili somo niliahidi zamani nikawa napiga tarehe tu, leo umeme upo na watoto wamelala kwaiyo twende. Ntatumia hadithi moja mwanzo mwisho, ya kima na papa, maana nikirukaruka hadithi tano hamtaelewa hata moja. Msomaji wetu ni mtoto wa miaka 6 mpaka 10 hivi.

Kwa asiyeijua: kima anakaa kwenye mkuyu, matawi mengine yako nchi kavu mengine yameinamia bahari. Kila siku anamrushia papa kuyu mpaka wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwambia twende kwetu nami nikukirimu, kima anapanda mgongoni, kufika katikati ya maji papa anafunguka: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia aah ungesema mapema, sisi tukitembea moyo tunauacha mtini, turudi nikauchukue. Wakarudi. Kima akaruka juu ya mkuyu, hakushuka tena.

HATUA 1. Isikilize kabla hujaiandika
Tafuta mtu mzima akusimulie mbele ya watoto, we washa rekoda ya simu kaa kimya. Mi nilimrekodi shangazi akiwa jikoni, alipofika pale papa anapofunguka akanyamaza kabisa, akaendelea kumenya kitunguu kama hatupo vile, watoto wakaanza kumvuta kanga "ehee, halafu?" na yeye wala. Ule ukimya ndo kitabu chenyewe jamani. Ningeisoma tu mahali nisingeupata. Andika pembeni wapi sauti imeshuka, wapi watoto wamecheka, wapi wameitikia, hizo ndo sehemu za kupewa picha kubwa.

HATUA 2. Kata maneno
Hapa ndo wengi tunaharibu. Unakuta fremu ina kima macho yametoka, alaf juu kuna maelezo "Kima aliogopa sana." Si tunaona! Kazi ya maelezo ni kile picha isichoweza, kama "kesho yake" au "miezi ikapita". Mi nilianza na kurasa tatu za maneno nikabaki na mistari kumi na kitu.

HATUA 3. Panga kurasa
Chukua A4, kunja katikati, umepata kurasa 4 za A5. Kitabu cha kupigwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwahiyo 16, 20, 24, usije na 18 ukaanza kugombana na mchapaji. Tengeneza kijitabu cha bandia, chora vijiti tu, kima duara na mkia basi, usitumie zaidi ya dakika mbili kwa ukurasa.

Sasa utamu uko hapa. Mtoto akifungua anaona kurasa mbili kwa pamoja, ya kushoto namba shufwa ya kulia namba witiri, kwahiyo siri zote zifiche nyuma ya ukurasa wa kulia. Mimi papa anafunguka fremu ya mwisho ya ukurasa wa 9. Mtoto anafunua, ukurasa wa 10 wote ni uso wa kima na bahari, hakuna neno hata moja. Ndo shangazi na kitunguu chake hapo. Jibu la kima linakuja ukurasa wa 11.

HATUA 4. Chora mahali panapojulikana
Mkuyu sio mwembe. Kuyu zinaota kwa vishada kwenye shina na matawi manene, haziningʼinii nchani, mi mwenyewe nilikosea nikachora upya kurasa sita. Ngalawa ina matengo mawili (zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke), huku na huku, ukichora upande mmoja mtoto wa Pangani atakucheka. Nenda kapige picha zako, picha za kuokota mtandaoni zitakuletea msitu wa nchi nyingine kabisa.

HATUA 5. Viputo vya maneno
Kiswahili chetu neno moja ni sentensi nzima. "Hukuniambia" herufi 11, ukilitia kwenye kiputo chembamba linakatika. Kwahiyo andika maneno KWANZA ndo uchore kiputo kuyazunguka, na viputo vyetu viwe vya kulala sio vya kusimama. Ikibidi ukate, kata kwa silabi, "hukunia-mbia" sawa, "hukuniam-bia" hapana, mtoto wa darasa la pili anasoma kwa silabi utampoteza. Na milio iwe ya kwetu: kitu kikianguka majini ni CHUBWI!

HATUA 6. Wino, rangi, kuchapa
Penseli, kalamu nyeusi ya wino, futa penseli, skani kwa dpi 300. Rangi tumia Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji badilisha RGB (rangi za skrini) kwenda CMYK (rangi za kuchapa), mimi sikubadilisha, bluu ya bahari ikatoka imefubaa kama kanga iliyosahaulika juani. Na acha kama sentimita moja pembeni bila maneno, viputo vyangu vinne vililiwa na mashine ya kukatia.

MASWALI

Swali: Mkuu, hizi hadithi si zina wenyewe? Nisije nikashtakiwa.
Jibu: Hadithi yenyewe ni ya wote, hata India ipo ila kule ni mamba. Ya kima na papa iko kwenye mkusanyo wa mmisionari Mwingereza Edward Steere wa 1870, alizokusanya Unguja, na yeye alifariki 1882, kwahiyo hakimiliki ilishakwisha. Usichoruhusiwa ni kunakili maneno au michoro ya mtu aliyeisimulia upya juzijuzi. Ila sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi, ukitaka kuuza pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, uwaulize.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi kuchora sijui kabisa ila hadithi za kwetu Usukumani ninazo nyingi.
Jibu: Marahaba. Fanya hatua 1 mpaka 3 kwa vijiti vyako, alaf tafuta mchoraji umpe kile kijitabu cha bandia. Ukimpa maneno matupu atachora anachojua yeye. Mkubaliane kwa maandishi jina la nani linakaa wapi na malipo, hata kama ni rafiki yako. Na wimbo wa kwenye hadithi usiutafsiri, uache Kisukuma, maana yake weka chini kwa herufi ndogo.

Swali: Kaka, kima si amedanganya? Mtoto atajifunza nini hapo? Weka funzo mwishoni.
Jibu: Dada yangu, nilishaliweka, nikamsomea mwanangu. Alivyofika kwenye funzo akafunika kitabu akaniuliza, "sasa sultani alipona?" Nikalifuta. Ukurasa wa mwisho sasa hivi ni sultani kitandani anachungulia dirishani.

Swali: Naweza kufanya yote kwa simu?
Jibu: Rangi na maandishi unaweza. Kijitabu cha bandia fanya kwa karatasi, simu haifunuliki.